Wenyeji wangu ni wema, lakini nalala njaa, na kazini wananidai mashine

Shikamoo Mama,

Mimi ni muuguzi mkunga wa miaka 34, nafanya kazi katika kituo cha afya mkoani Manyara. Nakuandikia nikiwa Ohio, Marekani. Tumekuja Watanzania wachache, sote watu wa afya, kwa ziara ya mwezi mmoja ya kubadilishana uzoefu. Hatukai hotelini. Kila wiki tunahamia nyumba nyingine, kwa watu waliojitolea kutupokea. Haohao ndio wanaotupeleka hospitali asubuhi na kutufuata jioni.

Sasa niko kwa mzee mmoja na mkewe, wote wastaafu. Mzee alikuwa mhandisi wa barabara, mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Siku niliyofika mama alinionyesha friji, kabati la mikate na mashine ya kahawa, akasema chochote kilichomo nichukue wakati wowote nitakapo. Basi, tangu hapo hajanipakulia. Chakula cha jioni wanakula saa kumi na moja, jua bado linawaka, halafu jiko linazimwa mpaka kesho. Kwetu tunakula saa mbili usiku. Ikifika saa tatu tumbo linanguruma, lakini mkono wangu unagoma kufungua friji ya watu. Mezani mama huniuliza kama naongeza. Nasema hapana, asante, nikingoja anisihi. Hasihi. Anachukua sahani anaipeleka kwenye sinki. Nimelala njaa zaidi ya mara moja, Mama, na wenyeji wangu hawana habari.

Tena wanataka niwaite kwa majina yao matupu. Mzee ana zaidi ya miaka sabini! Nikimhitaji nakohoa kidogo mpaka ageuke.

Wamenitendea mema mengi. Baridi ilipoanza walininunulia koti na viatu. Nilitoa dola 100 kwenye posho yangu nikaziweka kwenye bahasha, mama akanirudishia, nikaona uso wake umebadilika. Juzi mzee aliacha shughuli zake akatuendesha mpaka kaunti ya Holmes, wanakoishi Waamishi wengi, wale Wakristo wanaojiepusha na magari na mambo mengi ya kisasa, tukaona kituo cha kujifungulia ambako kina mama wanafika kwa gari la farasi. Mkunga wa pale alinipa fetoskopu ya kusikilizia tumbo, nikafurahi kama nimekutana na ndugu. Njiani kurudi mzee akaniuliza maswali mengi kuhusu kazi yangu, nami nikajibu neno mojamoja, kwa kuhofia Kiingereza changu.

Sasa jambo linaloninyima usingizi zaidi. Jumapili iliyopita tulialikwa chakula kwenye ukumbi wa kanisa, kila mgeni akaambiwa aseme machache. Nilipomaliza, baba mmoja akaja kuniuliza, "Mnahitaji nini zaidi kule kwenu?" Anasema kuna hospitali inabadilisha vifaa na anaweza kupata vya zamani. Kiongozi wa msafara wetu alishatuonya tusiombe msaada, nikanyamaza. Lakini mganga mfawidhi wetu ameshanitumia orodha kwa WhatsApp: ultrasaundi, mashine ya kuzalisha oksijeni, vitanda vya kujifungulia, na kompyuta mpakato za ofisi. Ananiambia nisirudi mikono mitupu, kwamba waliniruhusu kuacha zamu kwa sababu hiyo. Baba yule tutakutana naye tena Jumamosi.

Kuna na binamu yangu aliye Texas, anasema nijilipue, nibaki hukuhuku.

Nifanye nini? Nimalize siku zilizobaki kimyakimya, au nimsomee baba yule orodha?

Mkunga, Manyara

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na njaa, maana mtu mwenye njaa hashauriki. Leo jioni mama akikuuliza kama unaongeza, jibu: "Ndiyo, tafadhali." Usingoje swali la pili, halitakuja. Kwetu mgeni husihiwa ndiyo tumwone ameheshimiwa. Kwa wenyeji wako, kumsihi mtu mzima aliyekwisha kusema hapana ni kumfanya kama hajui anachotaka. Anapoondoa sahani yako anakupa heshima kwa desturi yake, na wewe unapokataa unampa heshima kwa desturi yako, halafu mtu mmoja analala na njaa.

Pia mwambie wazi, kwa sauti ya kawaida, wala si ya malalamiko: "Nyumbani tunakula saa mbili usiku, kwa hiyo usiku nasikia njaa. Naomba niwe najiwekea sahani moja kwenye friji niipashe baadaye." Utaona atakavyohangaika kukuonyesha mikrowevu inavyowashwa. Mwanamke aliyefundisha watoto wadogo maisha yake yote akija kujua baadaye kwamba mgeni wake alilala njaa chini ya paa lake, ataumia kuliko ulivyoumia wewe. Mwondolee maumivu hayo mapema.

Ukihamia nyumba inayofuata, maliza mambo haya usiku wa kwanza, kabla mazoea hayajakaa. Uliza wanakula saa ngapi, nguo zinafuliwa lini, bafu linatumiwa na nani asubuhi, chumba kikiwa na baridi ufanye nini, na ukirudi hawapo unaingiaje. Waambie pia kuhusu simu. Ndugu zako wakipiga saa tatu asubuhi ya Tanzania, Ohio ni saa nane ya usiku, na Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani wakirudisha saa nyuma, tofauti itakuwa saa nane badala ya saba. Zima mlio, uwapangie watoto muda wao.

Majina ni jambo dogo. Weka "Mama" na "Baba" mbele ya jina la kila mmoja, kisha waeleze kwamba kwenu mtu wa rika lao haitwi kwa jina tupu. Sijaona mzee wa Kimarekani aliyekataa kuitwa hivyo akishajua sababu. Na kikohozi kitapona.

Sasa ile bahasha. Uso wa mama ulibadilika kwa sababu ulimlipa kitu ambacho hauzi. Nataka uelewe uko ndani ya utaratibu gani, kwa kuwa wataalamu wengi wanaokwenda safari hizi hudhani nyumba za watu ni njia ya kubana gharama za hoteli. Sivyo zilivyoanza. Mpango wa serikali ya Marekani wa kualika viongozi na wataalamu kutoka nje ulianza mwaka 1940, na mwaka 1961 asasi za kiraia za miji mbalimbali zilizokuwa zikiwapokea wageni hao ziliunganishwa kuwa mtandao wa kitaifa. Rotary, zile klabu za watu wa kujitolea zilizoenea duniani, nao walianzisha mwaka 1965 utaratibu wa kubadilishana vikundi vya wataalamu vijana, wa miaka 25 hadi 40, wasio wanachama wa Rotary, kwa wiki nne hadi sita. Asubuhi walikwenda kuona watu wa taaluma yao kazini, usiku walilala katika nyumba za wanachama. Uliendelea mpaka mwaka 2013, nafasi yake ikachukuliwa na timu za mafunzo ya kitaaluma. Nyumba iliwekwa makusudi iwe sehemu ya ziara. Hospitalini unaona jinsi wanavyozalisha, nyumbani unaona mtu aliyezalishwa pale anavyoishi, anavyogombana na bili za bima, anavyomlea mama yake mzee. Na yeye anakuona wewe.

Wenyeji wa aina hii kwa kawaida hawalipwi kwa kitanda wala chakula. Mafuta ya kwenda Holmes na kurudi yalitoka mfukoni mwa mzee, na siku nzima ilitoka katika maisha yake. Alichotegemea kupata ni mazungumzo yako, nawe ulimjibu neno mojamoja.

Hilo ndilo ningependa ulibadilishe kabla hujahama, kuliko jingine lolote. Kiingereza chako kinatosha. Mtu anayeandika ripoti za zamu na kusoma miongozo ya wizara kwa Kiingereza anaweza kumweleza mhandisi mstaafu kazi yake. Mwambie ulihisi nini uliposhika fetoskopu ile katika nchi yenye kila aina ya mashine. Mweleze unavyokaa na mama mwenye uchungu usiku umeme ukikatika, unavyojaza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, kwa tochi ya simu. Mwulize naye watoto wake walizaliwaje. Wanaume wa rika lake wengi walifungiwa nje ya chumba cha kujifungulia, na huenda hajawahi kuulizwa.

Halafu ujue kwamba hukwenda Ohio kama mwanafunzi tu. Mwaka 2010 jumuiya ya madaktari wa watoto ya Marekani pamoja na wenzao walizindua mafunzo ya Helping Babies Breathe, ya kumsaidia mtoto asiyepumua ndani ya dakika yake ya kwanza. Nina hakika unayafahamu: ambubegi ya kumpulizia hewa, kipira cha kuvutia ute, na yule mwanasesere anayejazwa maji mpaka awe na uzito wa mtoto mchanga. Ushahidi mkubwa wa mwanzo kwamba yanaokoa maisha ulitoka Tanzania. Katika hospitali nane za kwetu, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Kisha mwaka 2025 yakachapishwa matokeo ya mpango wa Safer Births katika vituo 30 vya mikoa mitano, Manyara kwenu ukiwemo, vikionyesha vifo hivyo kupungua kwa karibu asilimia 40. Waliofanya kazi ile kwa mikono ni wakunga kama wewe, kwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara wakiwa zamu. Ukisimama tena kwenye ukumbi wa kanisa, hilo ndilo la kusema. Wengi wao hawajawahi kusikia kwamba somo lililoandikwa na madaktari wao lilithibitishwa na wauguzi wa Tanzania.

Kama unataka pia kuwapa kitu cha kushika, wapikie. Pilau ndiyo rahisi, mchele upo kila duka. Mji wa Columbus, hapohapo Ohio, una Wasomali wengi sana, kwenye maduka yao utapata iliki, mdalasini, bizari nyembamba na nyama halali, na muuzaji huenda akakujibu kwa Kiswahili. Uliza kwanza kama kuna mtu nyumbani anayedhurika na chakula fulani, hasa karanga. Na kabla hujaanza kukaanga vitunguu mpaka viwe vya kahawia kama vinavyotakiwa, washa feni iliyo juu ya jiko na ufungue dirisha, maana vile ving'ora vya moshi vya darini havijui pilau ni nini. Vikilia usikimbie, mzee atakuja na gazeti apepee. Pilau hiyo ipikwe iive saa kumi na moja, kwa saa yao.

Nimefika kwenye orodha.

Usimsomee baba yule. Kiongozi wenu hakukosea kuwaonya. Mgeni akianza kuomba, kila tabasamu lililotangulia linaanza kutiliwa shaka, na watakaowafuata ninyi mwakani watapokelewa na watu walioshika pochi zao kwa nguvu. Lakini kunyamaza mtu anapokuuliza swali la kweli nako si sawa. Amekuuliza mtaalamu, mjibu kitaalamu.

Na utaalamu wenyewe unasema hivi. Umeme wa Marekani ni volti 120 na hezi 60, yaani unageuka mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu ni volti 230 na hezi 50. Utasikia watu wakisema utanunua transfoma. Transfoma inabadilisha volti, haibadilishi hezi, na mashine ya kuzalisha oksijeni ina kompresa inayozungushwa na mota. Ile iliyotengenezwa kwa hezi 60 pekee inaweza kupata moto, ikatoa oksijeni pungufu, ikafa, na wewe umeshamwekea mtoto mrija puani. Ultrasaundi ya zamani inakuja bila mtu wa kuifundisha, probu, kile kichwa kinachopitishwa tumboni, ikiharibika hakuna wa kuiuza, na betri yake ilishaacha kutengenezwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulipitia orodha za vifaa zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye rasilimali chache, ukakuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Sina haja ya kukueleza vinavyoonekana. Nenda nyuma ya stoo ya hospitali yoyote ya wilaya uhesabu vilivyofunikwa turubai.

Tena si wewe wala mfawidhi mwenye mamlaka ya kupokea. Kifaa tiba kinachoingia nchini kinapitia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa kibali, na kituo chenu kiko chini ya halmashauri, kwa hiyo ombi linapita kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na fundi wa vifaa tiba anapaswa kusema kama ataweza kukitunza. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo kuhusu misaada ya vifaa tiba, na msingi wake ni kwamba anayepokea ndiye ataje anachohitaji na anachoweza kukitunza. Vikitumwa vifaa bila hatua hizi, vinakwama bandarini, gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku, na simu atapigiwa yule aliyeomba. Huyo ni wewe.

Mfawidhi wako simlaumu sana. Anaendesha kituo chenye upungufu na ameona mlango. Lakini kukuambia usirudi mikono mitupu hakumpi haki ya kukugeuza mchuuzi wa shida za kituo. Kompyuta za ofisi kwenye orodha ya wodi ya wazazi ndizo zilizonikera. Mwandikie leo, kwa adabu na kwa maandishi, ili baadaye asiseme hukumwambia. Unaweza kusema hivi:

"Shikamoo Daktari. Orodha nimeipata. Taratibu za ziara haziruhusu mshiriki kuomba vifaa, na vya huku vinatumia umeme tofauti na wetu. Mtu akiuliza, nitamwelekeza awasiliane na ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Mimi narudi na mambo niliyojifunza kuhusu kupokezana zamu na mazoezi ya dharura, naomba nafasi nifundishe wodini wiki ya kwanza nikirudi."

Sentensi ya mwisho usiifute. Ukirudi na jambo ambalo kila mkunga wa zamu anaweza kulifanya bila kununua kitu, hutakuwa umerudi mikono mitupu, na mfawidhi atakuwa na cha kuandika kwenye ripoti yake. Kila hospitali unayopelekwa, tazama wanavyokabidhiana wagonjwa kitanda kwa kitanda, nani anasema nini, nani anaandika wapi. Waulize wanafanya mazoezi ya mama kutokwa damu mara ngapi na nani anayasimamia. Piga picha fomu zao kama wanaruhusu, mgonjwa asionekane wala jina lake.

Kuhusu binamu, hapana. Wengi wanaokuja kwa ziara zinazogharamiwa na serikali hupewa viza ya J-1, ile ya wageni wa kubadilishana uzoefu, yenye sharti la kurudi nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba viza ya kazi au ukaazi wa kudumu, kwa hiyo huenda unajifungia mlango unaoutaka. Ukitaka kufanya kazi Marekani siku moja, wauguzi wa nje wana njia yao ya mitihani na leseni, anza kuiulizia ukiwa nyumbani. Na wale wazee wawili ndio watakaoulizwa ulikwenda wapi.

Jumamosi ukikutana na baba yule, usimkimbie. Mshukuru kwa swali lake, umwambie umelifikiria. Mweleze habari ya volti na hezi, ataielewa, na mwenyeji wako mhandisi akiwa karibu mwite asaidie kuieleza. Mwambie vifaa vya zamani ni vizuri visitumwe. Kisha mwambie kama yeye na wenzake wanataka jambo la kudumu, wawasiliane kama taasisi na halmashauri yenu, kwa kupitia mratibu wa ziara. Na kama yuko Rotary, mwambie ruzuku zao kubwa za kimataifa zinaanzia bajeti ya dola 30,000 na lazima ziwe na klabu mbili, moja ya kwao na moja ya huku kwetu, kwa hiyo aanze kwa kutafuta klabu ya Tanzania. Akikuandikia hundi palepale, usiipokee. Mpe anwani ya mratibu, halafu mwulize yeye kazi yake ilikuwa nini.